Meseji Iliyorudisha Cherehani Dukani

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Mpaka leo naikumbuka neno kwa neno, ingawa ilikuwa ya Kiingereza na mimi ni mtu wa Kikwajuni, Unguja. Kwa lugha yetu ilisema hivi: "Kadi yako imehusika katika shughuli inayotiliwa shaka; usipowasiliana nasi mara moja, hatua zitachukuliwa." Haikuwa na salamu. Haikusema shughuli gani wala hatua gani. Iliingia kwenye simu ya mkononi ya mteja akiwa kwenye basi, akiwa kazini, akiwa hospitali anasubiri kuitwa, na chini yake pameandikwa namba ya kupiga. Waliokuwa wakipokea simu kwenye namba hiyo ni mimi na wenzangu wa ghorofa ya tisa.

Ilikuwa kampuni ya kadi za mkopo, huko Croydon, kusini mwa London. Niliipata kazi hiyo miaka ya mwanzo ya elfu mbili, baada ya kuimaliza miaka ya tisini nikisafisha ofisi za watu na kuwaogesha wazee wa watu. Siku ya kwanza nilipewa kiti kinachozunguka, kompyuta na hedifoni, nikaona nimefika. Mume wangu aliwapigia ndugu zake Unguja akawaambia mkewe anafanya kazi benki. Haikuwa benki, lakini sikumsahihisha.

Nieleze kwanza walichokuwa wanataka kusema, kwa sababu nia yao haikuwa mbaya. Kompyuta ilikuwa ikiangalia manunuzi ya kila mteja. Mtu aliyezoea kununua mboga na dawa ya kikohozi, siku moja akanunua televisheni, kompyuta inashtuka: isije ikawa kadi imeibiwa. Kwa hiyo kampuni inataka kumwuliza mwenyewe kama ni yeye. Akisema ni yeye, mambo yamekwisha. Hiyo "hatua" iliyotajwa ilikuwa kuifunga kadi kwa muda ili mwizi asiitumie. Yote yalikuwa kwa faida ya mteja. Sasa irudie ile sentensi, uniambie ni wapi imesema hivyo.

Wateja walisoma kilichoandikwa, na wengi walielewa kwamba wanashutumiwa. Wengine walianza kufoka kabla sijamaliza kusema jina la kampuni. Mwanamme mmoja aliniuliza kama aje na wakili wake au amtume peke yake. Mwengine alikuwa keshaikata kadi vipande vipande, anataka anuani ya kututumia vipande hivyo. Walikuwepo waliokiri, na hao ndio walionisikitisha. Muuguzi mmoja alimwaga risiti zote za mkoba wake mezani akanisomea moja moja, mpaka ya soksi. Bwana mmoja, kwa sauti ya chini, alinieleza habari ya mkufu alioununua na ambao haukuwa wa mkewe. Sikumwuliza. Hakuna aliyemwuliza.

Halafu walikuwepo wale ambao Kiingereza chao kilikuwa na lafudhi ya kwengine, kama changu. Hao hawakufoka. Walianza na "samahani" kabla hata ya kutaja majina yao. Nilikuwa nawajua. Kutoka dirisha la ofisi yetu lilionekana jengo la uhamiaji, ambako mimi mwenyewe niliwahi kupanga foleni na bahasha yangu ya vyeti kifuani. Mtu aliyewahi kupanga foleni ile akiandikiwa kwamba hatua zitachukuliwa, hafikirii kadi. Anafikiria mlango wake unagongwa.

Na sisi hatukuwa na ruhusa ya kuwatuliza. Mbele ya kila mmoja wetu palibandikwa karatasi ya maneno ya kusema, na nje ya maneno hayo usitoke. Karatasi ilisema: "Kampuni imegundua shughuli inayotiliwa shaka. Kwa usalama wako tunalazimika kuthibitisha." Akiuliza zaidi, unairudia. Neno "samahani" lilikuwa limepigwa marufuku kabisa, kwa sababu wanasheria wa kampuni walisema kuomba radhi ni kukiri kosa. Mteja analia, na mimi sina ruhusa ya kumwambia pole.

Nilifanya kazi hivyo karibu mwaka mzima. Nakiri.

Asubuhi moja ya siku ya Jumanne alinipigia mwanamke mtu mzima. Kiingereza chake kilikuwa cha skuli za zamani, kila neno limekamilika. Alisema amepata meseji na anataka kutoa maelezo. Nikamwuliza maswali ya usalama kama kawaida: jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa.

"Zanzibar," alisema.

Kidole changu kilisimama juu ya kibonyezo. Kisha kikaandika, na mimi nikaendelea na karatasi yangu.

"Kampuni imegundua shughuli inayotiliwa shaka. Kwa usalama wako tunalazimika kuthibitisha."

"Shughuli gani, tafadhali?"

Nikaisoma tena.

"Nataka kujua nimefanya nini," alisema.

Nikaisoma mara ya tatu. Hapo akaugeuza uso pembeni ya simu, nikasikia sauti yake ikienda mbali kidogo, akasema peke yake, kwa Kiswahili safi cha mjini: "Yaa Rabi, uzee wote huu, leo naitwa mwizi."

Nilitazama kulia na kushoto. Kila mtu alikuwa na mteja wake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama, huyu huyu uliyekuwa ukizungumza naye. Na mimi nimezaliwa Unguja."

"Mtaa gani?"

"Kikwajuni."

"Miye Kiponda," alisema. "Marahaba, mwanangu." Na hapo ndipo alipolia.

Nilimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akanihadithia. Alikuwa akikaa Stanmore, kaskazini mwa London, kwa mwanawe, ambaye yeye na mkewe walikuwa na duka la dawa na wanashinda huko kutwa. Familia yao ni Wahindi wa Kiponda walioondoka miaka ya sitini, yeye akiwa bibi harusi wa juzijuzi. Mwanawe alimpa kadi iliyounganishwa na akaunti yake na kumwambia, "Mama, tumia utakavyo." Yeye hakuwa na matumizi. Alinunua matunda, bamia, mafuta ya magoti, basi. Lakini Kiponda alikuwa na shoga yake wa utotoni, wakiandikiana barua maisha yote. Shoga huyo alikwishafariki, akaacha binti anayeshona nguo za watu kwa cherehani ya kukodi. Mama huyu akaamua kumnunulia binti huyo ya kwake mwenyewe.

"Nikenda Kenton hapa jirani, kwenye duka la vyombo vya umeme," alisema. "Nikachagua ile madhubuti, ya chuma, inayotia na nakshi. Mwenye duka akanambia ataifunga vizuri iende kwa meli. Nilifurahi, mwanangu, sijui nikwambieje. Nimo ndani ya basi narudi, simu ikalia."

"Ukaisoma."

"Nikaisoma mara tatu. Miye nimesoma skuli, Kizungu nakijua. Imesema nimefanya jambo la kutiliwa shaka. Nikasema, basi labda kadi hii si ya kununulia vitu vikubwa. Labda nimemuibia mwanangu bila kujua. Na wamesema watachukua hatua. Watamchukulia nani? Si yeye? Jina lake ndilo liko huko."

Hakumwambia mwanawe. Usiku hakulala. Asubuhi alipanda basi akarudi Kenton. Duka lilikuwa limejaa. Alisimama kwenye foleni na zamu yake ilipofika akamwambia mwenye duka achukue mashine yake amrudishie pesa kwenye kadi. Mwenye duka, ambaye alikuwa akimjua kwa miaka, akamwuliza kuna kasoro gani.

"Nikamwambia haina kasoro, kasoro ni yangu miye. Nikamwonyesha meseji. Akaisoma akaninamia, akanambia, 'Mama, kuna matatizo gani na polisi?' Alidhani anasema polepole, kumbe wote wamemsikia. Nyuma yangu kuna mwanamke ninayesali naye imambara moja. Nikasema kwa sauti ili wasikie wote: miye si mwizi. Sasa ndio wakanitazama zaidi."

Akavuta pumzi. "Basi nimesharudisha. Risiti ninayo hapa mkononi, unataka namba yake? Waambie nimesharudisha. Wasimfuate mwanangu."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilimwambia: "Mama, nisikilize. Hukufanya kosa lolote. Kadi ni yako, cherehani ni yako. Kompyuta iliona umenunua kitu usichozoea kununua, ikataka kujua kama ni wewe, au kuna mtu kakuibia kadi. Basi."



"Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo tu, mama."

"Sasa kwa nini hawakuuliza? Wangeniuliza, 'Ni wewe?' ningesema, 'Ni miye.' Ingekwisha."

Macho yangu yalienda kwenye ile karatasi, na kwenye karatasi jibu halikuwepo.

"Samahani, mama," nikamwambia. "Samahani sana."

"Weye hukuandika."

"Sikuandika. Lakini nimekusomea."

Nilimsihi arudi dukani akanunue tena, nikamwambia kadi haina tatizo. Akasema, "Dukani mule sitii mguu tena." Akaniombea dua, akaniaga.

Simu zetu zote zilikuwa zikirekodiwa. Ijumaa ya wiki hiyo msimamizi wetu aliniita kwenye chumba kidogo cha vioo. Alikuwa mwanamke mpole wa makamo, Mwingereza, hajapata kunipandishia sauti. Aliniambia nimezungumza dakika kumi na moja kwa lugha ambayo kampuni haiwezi kuikagua, na kwamba hilo ni kosa la nidhamu. Lakini kabla ya kuamua lolote walihitaji kujua nilisema nini, na hawakuwa na mtu mwengine wa kuwafasiria. Kwa hiyo nikae nifasiri mwenyewe, kwa maandishi.

Nikavaa hedifoni nikajisikiliza.

Hicho ndicho kilichoniumiza kuliko onyo nililopewa baadaye. Nilikuwa nimejihesabu mtu mwema katika kisa hiki. Lakini kwenye rekodi nilimsikia mwanamke mwenye sauti kavu akimuuliza bibi wa watu amezaliwa wapi, akajibiwa Zanzibar, na baada ya hapo akamsomea maneno yale yale mara moja, mbili, tatu. Nilijua ni mtu wa kwetu na bado nilimsomea. Nilichelea kazi yangu. Na nilielewa jambo jengine: Kiingereza cha mama yule hakikuwa na upungufu wowote, cherehani ilirudishwa kwa sababu aliielewa sentensi vizuri sana. Aliyekuwa na upungufu ni mimi. Kwa Kiingereza nilikuwa nimepangiwa la kusema. Kwa Kiswahili hawakunipangia kitu, ndiyo maana nikaweza kusema kweli.

Nilifasiri kila neno, pamoja na "samahani" zangu zote mbili. Chini yake nikaongeza maneno yangu ya meseji mpya: "Je, ni wewe uliyetumia kadi yako leo kwenye duka hili? Kama ni wewe, huna la kufanya zaidi."

Msimamizi alisoma kurasa zote. Alipofika kwenye habari ya duka la Kenton aliweka mkono kifuani. "Maskini," alisema. Kisha akasema, "Lakini unajua maneno yale yamepitishwa na wanasheria. Iliwachukua miezi saba."

"Miezi saba?" nikasema. "Watu wazima wamekaa miezi saba kuandika sentensi moja, na hakuna hata mmoja aliyempa mama yake asome?"

"Tafadhali punguza sauti."

"Nyinyi mmemwita mwizi mbele ya watu. Mimi mnaniita huku kwa sababu nilimwambia si mwizi."

"Hakuna aliyemwita mwizi. Sentensi ile kisheria ni sahihi."

Nilipewa onyo la maandishi, likae kwenye faili langu mwaka mzima. Nyumbani mume wangu aliniomba ninyamaze. Alisema kazi ya kukaa kwenye kiti haipatikani kila siku, na mimi si wa kuirekebisha Uingereza. Nilimwelewa. Hata hivyo nilianza kuiandikia idara iliyokuwa ikitunga meseji, barua pepe moja kila wiki, kila moja na mfano wa mteja wa wiki hiyo bila jina lake. Kila mara nilijibiwa papo hapo na mashine: "Asante kwa maoni yako. Huhitaji kujibu ujumbe huu." Hapo waliweza kumwambia mtu kwamba hahitaji kufanya kitu.

Ilipita miezi kadhaa, mwenzangu wa meza ya jirani akainua mkono juu. Ana mteja kwenye simu, alisema, bibi mmoja anang'ang'ania kuzungumza na "mtoto wa Kikwajuni," na yeye hajui hicho ni nini. Akanihamishia.

"Mwanangu," ilisema ile sauti, "ni miye wa Kiponda. Hujambo?"

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya mstari wetu wa meza. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba mimi mzima, na nimsaidie nini. Nilijisikia kama watoto wetu waliozaliwa hapa, unawasemesha Kiswahili, wanakuelewa, wanakujibu kwa Kizungu.

"Wamekukataza?"

"Ndiyo, bibie," nikasema, kwa Kiingereza.

"Basi usijibu. Nisikilize tu."

Nikamsikiliza. Mwanawe aliiona risiti kwenye droo akamwuliza, na alipoambiwa alikasirika sana. Si mama yake aliyemkasirikia. Alifunga duka lake la dawa mchana kweupe, akaenda Kenton, akainunua ile cherehani upya na kumweleza mwenye duka kisa chote mbele ya wateja. Cherehani ilikwishafika Unguja. Binti alituma picha: ameiweka karibu na dirisha na tayari ana sare za skuli za kushona. Mama alicheka aliponihadithia hilo.

"Lakini dukani kule siendi," alisema. "Kenton yote siikanyagi, sasa hivi hata bamia nakwenda kununua Wembley. Na yule mwanamke ninayesali naye, juzi kanikalia karibu, kaniuliza, 'Yale mambo yako na polisi yalikwishaje?' Nimemweleza mara mbili. Anaitikia kwa kichwa, lakini namwona haamini. Mtu akishasikia polisi, atasikia nini tena?"

Nilitaka kumwambia mengi. Nilichosema, kwa Kiingereza, ni kwamba kampuni inathamini simu yake, kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Nilisema huku machozi yananitoka.

"Najua, mwanangu," alinijibu. "Najua. Fanya kazi yako." Akakata.

Meseji ilibadilishwa mwaka uliofuata. Waliletwa wataalamu kutoka nje ya kampuni, wakakaa nasi wiki mbili wakipima urefu wa simu, na mwisho tukakusanywa ghorofa nzima. Palikuwa na maputo na keki. Mkubwa mmoja ambaye hatukuwahi kumwona alitueleza kwamba imegundulika wateja wanapiga simu ndefu mno na simu ndefu ni gharama, hivyo kuanzia leo maneno yatakuwa mapya. Yakatokea kwenye skrini kubwa: "Je, ni wewe uliyetumia kadi yako kwenye duka hili? Jibu NDIYO au HAPANA." Watu wakapiga makofi. Wataalamu wakasimama wakashukuru.

Nilisubiri kusikia neno moja kuhusu waliotishika. Nilisubiri mtu aseme tuliwakosea. Walizungumza habari ya dakika tu na gharama ya dakika.

Msimamizi alinijia na kipande cha keki kwenye sahani ya karatasi. "Si umefurahi?" aliniuliza. "Ndicho ulichokuwa ukikitaka."

"Onyo langu mtalifuta?"

Aliona haya, nilimwona. "Hayo ni mambo mawili tofauti," alisema.

Nikaiacha keki juu ya meza, nikavaa hedifoni. Mteja wa kwanza wa meseji mpya alikuwa mzee wa Birmingham. Alisema ameletewa swali, amejibu NDIYO, na alikuwa anataka kuhakikisha tu kama jibu limefika.

"Limefika," nikamwambia.

"Haya, asante," alisema, na akaenda zake.